Kumbukumbu ya Mwalimu Nane na Kikohozi Chake

Ni mwaka mmoja sasa, tangu ulipotutoka.

Hesabu kwanza, Baba, ndipo uendelee kusoma. Nane upande huu, nane upande ule. Nimehesabu kwa vidole kama ulivyotufundisha, gumba zote mbili nimezikunja ndani ya viganja. Ulisema gumba ni wageni: sebuleni wanakaribishwa, ila kwenye hesabu ya nyumba hawamo. Vidole vinane vinavyobaki ndiyo mizani, silabi moja kwa kila kidole. Umeona? Mstari wa kwanza umepita. Hujakohoa.

Anayeandika ni mimi, Debe, kitindamimba wako. Jina ulinipa mwenyewe nikiwa darasa la pili, nilipokuwa siachi kupayuka mezani, ukasema debe tupu haliachi kuvuma. Mama alitaka tangazo hili la gazetini liandikwe na Dada, kwa kuwa ndiye mwenye busara. Dada akamwambia kwenye simu, "Mwache Debe aandike. Sisi Baba alikuwa anatusikiliza tu. Huyo alikuwa anamcheka." Basi nivumilie. Nikikosa adabu, ni urithi.

Wasiokujua wataona ajabu kwamba mtu mzima mwenye mvi aliitwa Mwalimu Nane na akaitika. Ulifundisha Kiswahili darasa la sita na la saba kwa miaka ishirini na miwili, chumba kilekile, chenye dirisha lisilofungika na kabati lisilofunguka. Kila Ijumaa vipindi vikiisha, wenzako wakikimbilia nyumbani, wewe ulibaki. Aliyetaka kubaki nawe alibaki.

Umri ule, ulikuwa ukisema, mtoto anakionea haya hata kivuli chake. Ukimwambia asimame aghani shairi mbele ya wenzake, afadhali umwambie avue shati.

Kwa hiyo hukuwaambia. Wiki mbili za mwanzo neno lenyewe, shairi, lilipigwa marufuku chumbani mwako. Uliingia na kusema, "Leo tunasema uongo kuhusu kalamu zetu. Mwenye uongo mfupi ndiye mshindi." Ninakumbuka uongo mmoja ulioandikwa na yule mtoto wa fundi bomba, kwa sababu ulirudi nao nyumbani ukausoma ukiwa bado umesimama mlangoni na viatu miguuni:

Kalamu yangu ya wino, imekunywa wote jana,
Leo haitoi neno, imelala kama mwana.

"Nikamuuliza, nani kakuruhusu kuandika shairi darasani kwangu?" ulitusimulia, machozi ya kicheko yakikutoka. "Akaniambia, si shairi mwalimu, ni uongo, naapa!"

Ndivyo ulivyowanasa. Mtoto alikuja kushtuka ana beti sita daftarini na hajui zimeingiaje.

Kalamu nyekundu hukuwa nayo. Ulisema mtoto akifungua daftari akakuta wino mwekundu, anaona limejikata, linavuja damu, na mtu hachezi na kitu kinachovuja damu. Badala yake ulikohoa. Kikohozi kimoja, kikavu, cha kiungwana. Mtoto anaghani, mstari umezidi au umepungua, wewe: *khm*. Kisha unatazama nje dirishani kana kwamba hata wewe hujui kosa liko wapi. Mtoto anasimama, anakunja gumba, anahesabu, anacheka mwenyewe, anarekebisha. Hukumwonyesha hata mmoja. Ulikuwa unasema kosa ni kama ufunguo uliopotea, akikuonyesha mwingine hutajifunza unapouweka.

Tatizo lako, Baba, na leo nitalisema mbele za watu, ni kwamba kikohozi hicho hukukiacha shuleni.

Ulitukohoa sisi. Mama akisema, "Nani ameiweka sufuria hapa?" *khm*. Mimi nikiomba ruhusa ya kwenda kwa rafiki yangu, *khm*, na ruhusa ikasubiri mpaka niombe kwa mizani. Ulimkohoa mchungaji akihubiri. Ulimkohoa bwana harusi akitoa shukrani. Na kila Jumamosi asubuhi ulifungua gazeti ukurasa wa matangazo ya kumbukumbu, kama haya ninayoandika, ukasoma taratibu hadi mstari wa mwisho, ule ambao kila familia humalizia nao, ukakohoa.

Mama alisimamisha cherehani. "Baba watoto! Marehemu wa watu huyo!"

"Marehemu hana kosa," ukajibu. "Kosa ni la walio hai. Wamezidisha moja."

"Moja nini?"

"Nyinyi si mnajua kuhesabu? Hesabuni."

Hatukuhesabu. Nani ahesabu maneno ya msiba wa mwenzake? Mama alikanyaga cherehani yake, mimi nikaendelea kula.

Nisipomtaja Kimya utanikohoa huko huko uliko. Kimya hakuwa mtoto wetu ila nyumba yetu ilimjua. Binti wa msuka mikeka, darasa la sita, sauti yake ukiisikia unadhani iko chumba cha pili. Wenzake ndio waliombandika jina. Mwezi mzima wa kwanza alikaa tu akisikiliza. Siku moja ukamwambia akasimame nyuma ya lile kabati lisilofunguka aghani akiwa huko, asionekane. "Sisi hatutakuona," ukasema, "na wewe hutatuona. Tutakuwa tumetoka sare." Akaghani. Muhula wa pili akatoka nusu, bega moja nje. Muhula wa tatu alikuwa mbele ya ubao, macho ameyafumba, lakini mbele ya ubao.

Shairi lake lilianza hivi: *Sauti yangu ni ndogo, lakini haijapotea.* Ukakohoa. Akahesabu, kidole cha tisa kikawa gumba. Akafikiri. Akasema, *ila haijapotea*. Nane. Darasa zima likapiga meza.

Wiki iliyofuata akasema tena *lakini*. Ukakohoa. Akasema *ila*. Na iliyofuata vilevile. Ulirudi nyumbani umenuna kidogo. "Huyu mtoto hashiki," ulimwambia Mama. Ijumaa ya nne ulirudi unacheka peke yako njia nzima, jirani muuza mitungi ndiye aliyetuambia. Ulikuwa umegundua. Mtoto alishika tangu siku ya kwanza. Alikuwa anakosea kusudi, akusikie ukikohoa.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa nikipazunguka.

Mwaka juzi, miezi ya baridi, ulianza kukohoa zaidi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Chako kilikuwa kifuani, na sisi tulikuwa tunakishangilia. Ulikohoa ukinywa chai, nikasema, "Jamani, hata sijafungua mdomo!" Ulikohoa ukifunga vifungo vya shati, nikahesabu vifungo: "Saba, Baba, ndiyo maana." Dada alipiga simu, ukakohoa katikati ya salamu, akasema, "Nimekosea wapi tena?" Dada, Baba. Dada ambaye kazi yake ni kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa akiwauzia watu dawa ya kikohozi. Naye alicheka.

Mama peke yake ndiye aliyeuliza. "Hicho kikohozi ni cha nini?"

"Cha mizani, mke wangu," ukamwambia. "Hukumsikia Debe anavyoongea?"

Na Mama akaniangalia mimi, akaniambia nipunguze maneno.

Sijui mpaka leo, Baba. Ulikuwa unatania au ulikuwa unatuficha? Kama ulikuwa unatania, mtani wa nyumba hii ni mimi, uliniingilia kazi. Kama ulikuwa unaficha, ulipata mahali pazuri. Ulificha kikohozi ndani ya kikohozi. Nani angekitafuta humo?

Miezi mitatu hivyo. Kisha ile Jumapili, saa nne asubuhi, jua likiwa kwenye mkeka wako, nilikuwa nakusomea beti za watoto ambazo ningezitoa fotokopi kesho yake kazini, tuzibane pini ziwe kitabu. Nikasoma mstari mmoja. Ukakohoa. Nikasimama, nikakunja gumba, nikahesabu. Nane. Nikadhani nimekosea, nikarudia. Nane. Upande wa pili nane. Nikainua uso kukuambia safari hii nimekushika, mwalimu mkuu wa mizani, umekohoa bure.

Ulikuwa bado unakohoa. Na hukuwa unatazama dirishani.

Hospitali, daktari aliuliza swali dogo kabisa. "Kikohozi kimeanza lini?"

Mama akanitazama. Mimi nikamtazama Dada. Dada, ambaye huwauliza watu swali hilohilo kutwa mara hamsini, akatazama viatu vyake.

"Kipi, daktari?" nikauliza.

Akadhani namfanyia mzaha. "Binti, nauliza jambo la maana."

"Nami nakujibu la maana. Alianza kabla sijazaliwa."

Aliandika kitu, akakikata. Akatuambia tungekuja mapema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama wewe ulivyokohoa, mara moja tu, halafu akatazama pembeni, atuache tuhesabu wenyewe.

Tumehesabu, Baba. Mwaka mzima tunahesabu.

Nyumba ni kubwa kuliko ilivyokuwa, na hakuna chumba kilichoongezwa. Mama anashona sare za shule na haongei na cherehani kama zamani. Mimi nikirudi kutoka duka la fotokopi, naongea ovyo makusudi, naacha sentensi zimechechemea katikati ya sebule. Hakuna anayekohoa. Kusema unachotaka, kwa urefu unaotaka, bila mtu wa kukuzuia: niliomba hilo utoto wangu wote. Sasa ninalo. Lichukue.

Ijumaa ilikaribia kufa. Mwalimu aliyekuja baada yako ni mtu mwema, ila aligawa karatasi za mtihani: taja bahari ya shairi hili, eleza muundo, alama tano. Watoto walikuwa ishirini na sita, wakawa kumi na wanne, wakawa saba. Siku moja Kimya alisimama mbele ya kaunta yangu, dukani, hakuwa na cha kutoa fotokopi.

"Shikamoo, dada Debe."

"Marahaba. Umekuja kununua kalamu ya wino? Iliyobaki imelala kama mwana."

Hakucheka. "Nani atakohoa?" akauliza.

Nikamwambia sisi tunauza madaftari, vikohozi vimeisha. Mzaha mbaya, najua. Uliniachia mdomo, hukuniachia breki. Akasimama tu pale, kwa sauti yake ile ya chumba cha pili akasema, "Tuko saba, dada. Wiki ijayo labda tutakuwa watano."

Nilimwomba ruhusa mwalimu mpya, akashukuru hadi nikaona haya. Ijumaa nikakaa kiti chako cha nyuma. Nilijaribu kukohoa, Baba. Haikutoka. Kila nikivuta pumzi naona kile chumba cha hospitali. Kwa hiyo nikawa nagonga kalamu mezani. *Ko.* Watoto ni waungwana, wanaisikia, wanahesabu, wanarekebisha. Niliwaambia waseme uongo kuhusu viatu vyao, kuhusu kengele ya shule, kuhusu mimi. Kuhusu mimi waliandika mno. Wamerudi, ni kumi na tisa sasa. Ila kalamu si koo, na wao wanajua, nami najua kuwa wanajua.

Mwezi uliopita shule ilifanya siku ya kughani, wazazi wamealikwa, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Mama alishona gauni jipya. Tulikaa safu ya pili, kiti kimoja katikati yetu kikiwa na mkoba wa Mama, hakuna aliyethubutu kuomba akikalie. Kimya akaitwa. Akatoka na mabega yote mawili. Macho wazi.

"Sauti yangu ni ndogo," akasema, "lakini haijapotea."

Akanyamaza.

Wageni walidhani amesahau. Mzazi mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Maskini, kapotelewa." Lakini wale kumi na nane walioketi chini, mbele, walijua, na mmoja mmoja waligeuza shingo wakatutazama sisi. Mama akanishika goti. Nilikuwa na kalamu mkobani, nikaitafuta, na mkono haukuiona. Nilifungua mdomo. Debe, Baba, asiyeacha kuvuma. Hakuna kilichotoka.

Ukumbi wote kimya. Sijawahi kusikia mahali palipokukosa kama pale.

Kimya alisubiri, akasubiri kama mtu anayempisha mzee mlangoni apite kwanza. Kisha akakunja gumba zake taratibu, mbele ya watu wote, akasema mwenyewe: "Ila haijapotea." Akaendelea hadi mwisho, hakutetereka tena.

Nilipomfuata nje nikamuuliza, kwa nini ulisema *lakini* leo, na unajua hayupo?

"Ndivyo shairi langu linavyokwenda," akanijibu. "Pale pana kikohozi. Nikiruka, litapungua."

Nilimsimulia Mama maneno hayo jikoni. Aliosha kikombe kimoja kwa muda mrefu sana.

Na juzi tuliketi mezani kuandika tangazo hili, Dada akiwa kwenye simu, simu tumeiegemeza kwenye chupa ya chai. Tulitaka ubeti mmoja, usio na aibu mbele yako. Mstari wa kwanza ulijileta wenyewe. Wa pili alitoa Mama. Wa tatu nilitoa mimi, na Dada akasema, "Lazima tuseme hilo gazetini?" nikasema lazima. Wa nne ukabaki, nusu yake Dada akaitoa, na nusu ya mwisho nikasema tuweke ile ambayo kila familia huweka, *daima tutakukumbuka*, tumalize, chai inapoa.

Mama akakunja gumba. Akaisema polepole, kidole kwa kidole, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, vikaisha. Na bado neno halijaisha. Silabi moja imebaki hewani. Akaifungua gumba, akaiweka hapo.

Tukaitazama ile gumba, imesimama peke yake.

"Kumbe," Mama akasema. "Miaka yote ile ya Jumamosi. Kumbe ilikuwa hii."

Nikachukua kalamu haraka. "Inarekebishika, Mama. Tunaweka *twakukumbuka*, inakuwa nane. Dada, unasikia? *Daima twakukumbuka.* Hata mwenyewe angetupa alama zote."

"Iko sawa," Dada akasema simuni.

"Hapana," akasema Mama. Alikuwa bado ameishika gumba yake kwa mkono mwingine. "Iacheni ilivyo. Pale pana kikohozi."

Kwa hiyo, Baba, usidhani hatukuhesabu.

Ni mwaka mmoja sasa, tangu ulipotutoka,
Kiti chako twapangusa, hakuna anayefika,
Hesabu tuliikosa, kikohozi twakicheka,
Baba yetu wa darasa, daima tutakukumbuka.

Unakumbukwa na mkeo, fundi wa sare, ambaye cherehani yake husimama kila Jumamosi gazeti likifika. Na binti yako mkubwa, muuza dawa, ambaye sasa humuuliza kila mteja mara mbili. Na mimi, Debe. Unakumbukwa na jirani muuza mitungi, na mwalimu aliyeshika chumba chako, na mtoto wa fundi bomba aliyesema uongo, na Kimya, na wote kumi na tisa wa Ijumaa.

Mstari wa mwisho umezidi moja. Tunajua, Baba.

Tumenyamaza, tunasikiliza.